Msitupe Swali Moja la Kuingia Nalo Kwenye Debe: Barua ya Wazi kwa Viongozi wa Makanisa Kenya

Kwenu Wahashamu Maaskofu, mapadre, makasisi, wachungaji na mitume wa makanisa ya Kenya,



Mimi ni mlei Mkatoliki wa Mombasa, mama wa mabinti, mwimbaji wa sauti ya pili kwenye kwaya, na siasa yangu huishia kwenye kadi ya kura. Nawaandikia hadharani kwa sababu jambo lenyewe mnalisema hadharani. Uchaguzi Mkuu wa 2027 unakaribia, na kwenye baadhi ya mimbari yameanza kurudi maneno yanayofanana na yale ya kura ya maamuzi ya 2010: Mkristo amuulize mgombea swali moja kabla ya yote, anasemaje kuhusu kutoa mimba, na akijibu kombo, kumpigia kura ni dhambi. Mhubiri mmoja nimemsikia kwa masikio yangu akisema damu ya watoto itadaiwa mikononi mwa wapigakura. Watu waliitikia amina. Mimi sikuitikia, na sababu zangu ni hizi.

Kwanza nijieleze, nisije nikahesabiwa upande nisiokuwepo. Naamini mtoto aliye tumboni ni mtu. Sikuja kuwaomba mlegeze mafundisho, wala kuwatetea wanaouza vidonge vichochoroni. Ninachokataa ni kuufanya msimamo wa mgombea kuhusu mimba uwe kipimo cha kwanza na cha mwisho cha kura ya Mkenya. Kipimo hicho hakiokoi watoto, na kinawapa wanasiasa wetu mahali pa kujificha.

1. Mnamuuliza mtu jambo asilo na uwezo nalo.

Sheria ya nchi hii kuhusu kutoa mimba haiko mfukoni mwa rais. Iko kwenye Katiba, Kifungu cha 26. Sehemu ya pili ya kifungu hicho inasema uhai wa mtu huanza mimba inapotungwa. Sehemu ya nne inakataza kutoa mimba, isipokuwa mtaalamu wa afya aliyehitimu akiona kuna haja ya matibabu ya dharura, au uhai au afya ya mama imo hatarini, au sheria nyingine iliyoandikwa ikiruhusu. Chini ya Katiba ipo Kanuni ya Adhabu tuliyoachiwa na mkoloni, yenye kifungo cha hadi miaka 14 kwa anayejaribu kumtoa mwanamke mimba, na hadi miaka 7 kwa mwanamke mwenyewe.

Nani basi anaweza kukibadilisha Kifungu cha 26? Kimo katika Sura ya Nne, sura ya haki, na Kifungu cha 255 kinasema sura hiyo haiguswi bila kura ya maamuzi. Angalau asilimia 20 ya waliojiandikisha wajitokeze katika kila moja ya kaunti zisizopungua nusu ya zote 47, kisha walio wengi wakubali. Uhuru Kenyatta akiwa Rais na mpinzani wake Raila Odinga walishikana mikono, wakawa na Bunge na mabunge mengi ya kaunti nyuma yao, na bado BBI, mpango wao wa kubadilisha Katiba, iliwashinda. Mahakama ya Juu iliizima Machi 2022 kabla hatujaliona debe. Kwa hiyo anayesimama kanisani na kuapa kwamba akichaguliwa "atamaliza utoaji mimba" anaahidi kitu ambacho ofisi anayoiomba haina. Na yule mnayemwogopa, mnayedai atauhalalisha, naye hana.

Mtaniambia wabunge wanaweza kutunga hiyo "sheria nyingine", maana Katiba imewaachia mlango. Ni kweli, na miswada imekuja. Wa Seneta Judith Sijeny ulikuja 2014, kisha ukaja wa Seneta Susan Kihika ambao mliupinga kwa nguvu 2020. Hakuna uliokuwa sheria. Mlikwenda kuukabili mswada wenyewe, mkausoma, mkatoa hoja kwa majina yenu. Hiyo ni kazi yenu halali, na mliifanya bila kumwambia mama muuza samaki wa Marikiti kwamba kura aliyopiga ilikuwa dhambi.

2. Kipimo hiki tulishakijaribu.

Agosti 4, 2010 tulipiga kura ya maamuzi juu ya Katiba mpya. Wengi wenu mlisimama upande wa Hapana, ule wa rangi nyekundu, kwa sababu mbili mlizozirudia Jumapili baada ya Jumapili: Kifungu cha 26 na mahakama za kadhi. Jukwaa la Hapana lilikuwa na rais mstaafu Mzee Moi na William Ruto, aliyekuwa Waziri wa Elimu ya Juu, wakiwa na sababu zao nyingine pia, ardhi ikiwemo.

Mimi nilipiga kura ya Ndiyo. Jumapili iliyofuata nikapokea Ekaristi, na padre aliyenikomunisha alijua.

Ndiyo ilishinda kwa takribani theluthi mbili ya kura, katika nchi ambayo Wakristo ni zaidi ya asilimia 80. Maana yake ni kwamba mamilioni ya waumini wenu waliwasikiliza, wakawaheshimu, kisha wakapiga hesabu zao. Walitazama ugatuzi, ardhi, mahakama na polisi, tena miaka miwili tu baada ya watu kuchomwa ndani ya kanisa Kiambaa katika ghasia za uchaguzi wa 2007. Hawakuasi imani. Walikuwa na mambo mengi ya kupima, nanyi mliwapa moja.

Tazameni kilichofuata. Ruto akawa Naibu wa Rais 2013, akaapa kuilinda Katiba ile ile. Akawa Rais 2022, akaapa tena. Kama kuna mwanasiasa ambaye msimamo wake wa 2010 ungepaswa kukibadilisha Kifungu cha 26, ni yeye. Kifungu kimo vile vile, nukta kwa nukta. Simlaumu kwa hilo, maana hakuwa na uwezo huo peke yake. Nawauliza nyinyi: kama mtu huyo, kwa miaka yote hiyo madarakani, hakukigusa, yule mtakayetuletea 2027 atakigusa kwa mkono gani?

Kuna jambo moja ambalo serikali ya Jubilee, ya Uhuru na Ruto, ilifanya, na ni haki nilitaje. Desemba 2013 Wizara ya Afya iliondoa miongozo ya 2012 iliyowaelekeza wahudumu namna ya kuzuia na kushughulikia utoaji mimba usio salama, kisha ikapiga marufuku mafunzo yake. Baadaye msichana mmoja aliyebakwa, mtoto wa shule, alitolewa mimba kienyeji. Akaumia vibaya, akahamishwa hospitali hadi hospitali, figo zikaharibika, na 2018 akafa. Juni 2019 Mahakama Kuu ilisema kuondolewa kwa miongozo ile kulikiuka Katiba, ikaamuru mama yake alipwe shilingi milioni 3. Amri ya wizara haikuiokoa mimba ile wala aliyeibeba. Iliwaacha tu wahudumu wa afya bila mwongozo na wenye hofu ya kushtakiwa.

3. Siasa hii mmeiazima, na kule ilikotoka ina vifaa ambavyo sisi hatuna.

Si siri kwamba mwaka 2010 wanaharakati wa Marekani wanaopinga kutoa mimba walifungua ofisi Nairobi na kuiunga mkono Hapana, huku fedha za serikali ya nchi hiyo hiyo zikilalamikiwa upande wa pili. Kwa Wamarekani, kupiga kura kwa kuitazama mimba kuna mantiki yake, nakubali. Rais wao huteua majaji wa Mahakama ya Juu, Seneti huwaidhinisha, nao hukaa maisha. Hukumu ya Roe v. Wade ya 1973 ilifutwa Juni 2022 na mahakama iliyokuwa na majaji watatu walioteuliwa na Donald Trump. Waliompigia kura kwa ajili hiyo walikipata walichokitaka. Tena rais wao kwa sahihi moja huamua kama mashirika ya afya ya nchi nyingine yanayohusika na utoaji mimba yapewe fedha. Ronald Reagan aliianzisha amri hiyo 1984, na tangu hapo marais wa Republican huirudisha na wa Democrat huifuta. Trump alipoipanua 2017, huduma za uzazi wa mpango na za saratani ya mlango wa kizazi zilipungua hata katika kliniki za hapa kwetu. Mpigakura wa Ohio anaweza kufunga kliniki ya Kenya. Mpigakura wa Likoni hawezi.

Kwetu majaji huchaguliwa na Tume ya Huduma za Mahakama, na kazi ya rais ni kuwateua rasmi kama walivyopendekezwa. Uhuru alipowakataa sita, mzozo ule haukuwa wa mimba, na mwishowe waliapishwa Septemba 2022. Mwaka huo huo, mwezi Machi, Mahakama Kuu ya Malindi iliamua kesi ya mwanafunzi wa Kilifi na mhudumu wa afya aliyemtibu, waliokuwa wamekamatwa na polisi na kushtakiwa kwa kutoa mimba. Hakuna mbunge, gavana wala rais aliyeulizwa neno. Mabishano hayo yanapandishwa na kushushwa ngazi za mahakama, na kadi yangu ya kura haifiki huko.

Na kwa Wakatoliki wenzangu: hata Roma haikuwahi kudai mnachodai. Mwaka 2004 Kardinali Ratzinger, kabla hajawa Papa Benedikto, aliwaandikia maaskofu wa Marekani kwamba muumini anayempigia kura mgombea anayekubali utoaji mimba, bila kumpigia kwa sababu ya msimamo huo, anaweza kufanya hivyo akiwa na sababu nyingine zenye uzito unaolingana. Papa Fransisko naye, mwaka 2018, aliandika kwamba ni lazima kumtetea asiyezaliwa, na papo hapo akasema uhai wa maskini waliokwisha kuzaliwa ni mtakatifu vile vile. Septemba 2024, akirejea kutoka Singapore, aliulizwa kuhusu uchaguzi wa Marekani, akawaambia wapigakura wapime wenyewe, kwa dhamiri, ni uovu upi ulio mdogo. Kama Wamarekani wanaruhusiwa kupima, sisi tumekosa nini?

4. Kinachozaa utoaji mimba kimo katika mambo msiyoyauliza.

Hapa naomba mnisikilize kwa makini, maana ndipo roho za watu zilipo.

Utafiti uliofanywa na Wizara ya Afya pamoja na watafiti wa kituo cha utafiti cha APHRC ulikadiria kwamba mwaka 2012 pekee mimba 464,690 zilitolewa Kenya, na kwamba wanawake wapatao 120,000 walitibiwa hospitalini kwa madhara yake. Sheria ilikuwa hii hii. Vifungo vya miaka 14 na 7 vilikuwapo, mahubiri yalikuwapo, na wabunge wengi walikuwa wakisema wanapinga kutoa mimba. Mtu anayetafuta kupunguza hesabu hiyo kwa kuongeza idadi ya viongozi wanaosema "napinga" amekwisha kuona jibu.

Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022 ulionyesha kwamba kati ya wasichana wa miaka 15 hadi 19, asilimia 15 walikuwa wamewahi kupata mimba. Hao ndio wanaofika kwa mama wa mitishamba, au kwa muuza duka la dawa asiyeuliza jina. Sensa ya 2019 ilikadiria vifo vya akina mama 355 katika kila uzazi hai 100,000. Mama anapokufa leba, mara nyingi mtoto wake naye hatoki. Hawa hawamo katika swali lenu.

Na nani anashika mambo hayo? Jedwali la Nne la Katiba limekabidhi zahanati, vituo vya afya na hospitali za kaunti kwa magavana. Gavana ndiye anayeamua kama kuna damu kwenye friji, kama chumba cha upasuaji kina mtu wa kumpa mama dawa ya usingizi usiku wa manane, kama ambulensi ina mafuta au imeegeshwa juu ya mawe. Bunge la kaunti ndilo linalopitisha bajeti hiyo. Serikali kuu ndiyo iliyotangaza kujifungua bure mwaka 2013, ukaja mpango wa Linda Mama, na ndiyo iliyotuhamishia bima mpya ya afya ya SHA Oktoba 2024 huku mama mjamzito akibaki langoni akiuliza alipe au asilipe. Polisi ndio wanaopokea, au kukataa kupokea, taarifa ya binti aliyenajisiwa na mjomba wake, kisha wazee wanakaa chini ya mwembe na kumalizana kwa mbuzi.

Siku ya kura tunapewa karatasi sita. Rais, gavana, seneta, mbunge, mwakilishi wa wanawake, mwakilishi wadi. Mkitupa swali moja la kuingia nalo kwa karatasi zote sita, huyo mwakilishi wadi atajibu kwa furaha kwamba anapinga kutoa mimba, na hakuna atakayekumbuka kumuuliza kwa nini zahanati ya wadi yake haina maji.

5. Mnawauzia wanasiasa utakatifu kwa bei ya chini sana.

"Napinga kutoa mimba" ni maneno matatu yasiyomgharimu mwanasiasa wa Kenya chochote. Hayamnyimi tenda wala hayamwombi risiti. Anayasema Jumapili, anapigiwa makofi na vigelegele, na Jumatatu anarudi kwenye kazi yake ya kawaida.

Ninajua mnaweza zaidi, kwa sababu nimewaona. Septemba 2021, kule Butere, Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit aliwanyima wanasiasa kipaza sauti siku ambayo Kanisa la Kianglikana lilikuwa linamsimika Rose Okeno kuwa askofu, na wakubwa wote waliokuja walikaa kimya kama waumini wengine. Novemba 2024 maaskofu Wakatoliki waliiambia serikali waziwazi kuhusu uongo, utekaji wa vijana na mzigo wa kodi, na siku chache baadaye Askofu Mkuu Philip Anyolo akaagiza michango ya Rais kwa kanisa moja la Nairobi irudishwe. Nilitembea na kichwa juu wiki ile. Vijana waliouawa katika maandamano ya 2024, ambao Tume ya Haki za Binadamu iliwahesabu kuwa takribani 60, nao walikuwa watoto wa tumbo la mtu. Mgombea aliyenyamaza walipozikwa, akasema vizuri kuhusu mimba, mtatuambia amefaulu mtihani wa uhai?

6. Mlipinga mlolongo. Msiuanzishe.

Kanu ilipotulazimisha mwaka 1988 kupanga milolongo nyuma ya wagombea, viongozi wa makanisa kama Henry Okullu, Alexander Muge, Timothy Njoya na Ndingi Mwana a'Nzeki walipaza sauti wakati wengi walikuwa wamefunga midomo. Hoja mojawapo ya makanisa ilikuwa kwamba kumlazimisha mtu aonyeshe kura yake mbele ya jirani kunavunja jumuiya. Leo mkitangaza kwamba kumpigia fulani ni dhambi, kila jumuiya ndogo ndogo itajua nani ni mwenye dhambi, kwa sababu katika nchi hii kura ya mtu hukisiwa kwa jina lake la pili. Mgombea mnayemshutumu atakuwa na kabila, na ninyi mtakuwa mmelibariki kabila la mpinzani wake bila kukusudia. Mnajua 2007 ilitufikisha wapi.

Kwa hiyo nawaomba haya, kwa heshima na bila kuzunguka.

Toeni tamko la pamoja kabla ya kampeni kuanza, mseme kwamba hakuna muumini atakayenyimwa sakramenti, nafasi ya kanisa au mazishi ya heshima kwa sababu ya aliyempigia kura. Lisomwe makanisa yote Jumapili moja, kwa Kiswahili na lugha za nyumbani, lisiachiwe kila parokia iamue.

Kijitabu cha Kampeni ya Kwaresima cha 2027, na masomo ya Biblia ya makanisa mengine, kiwe na ukurasa wa maswali kwa gavana na mwakilishi wadi wa eneo husika. Kina mama wangapi walikufa wakijifungua katika kaunti hii mwaka jana? Bajeti ya damu ni kiasi gani? Kesi ngapi za unajisi zimefika mahakamani? Muulizeni na msimamo wake kuhusu mimba mkitaka, uwe mmoja kati ya mengi, na mkishalipata jibu mwulizeni atafanya nini.

Kipaza sauti cha ibada kibaki cha ibada, hata kwa wanaotusifu na hata kwa wanaoleta mabati.

La mwisho liko mikononi mwenu kabisa na halingojei uchaguzi. Makanisa ni wafadhili wa shule nyingi sana nchini. Mwongozo wa kuwarudisha shuleni wasichana waliojifungua upo tangu 1994, ukaboreshwa 2020, lakini bado kuna walimu wakuu wanaomfukuza binti mjamzito na kumkataa akirudi na mtoto. Binti anayejua kwamba tumbo likionekana shule imekwisha, mmemsogeza ninyi wenyewe kuelekea kwa mama wa mitishamba. Agizeni kwa barua, shule zote mnazozifadhili, kwamba binti huyo atarudi darasani, na mwalimu mkuu atakayekaidi atajieleza kwenu.

Mkifanya hilo moja tu mtakuwa mmewalinda wasiozaliwa kuliko mgombea yeyote atakayekuja kupiga magoti mbele ya altare zenu kabla ya uchaguzi. Uchaguzi ni Jumanne, Agosti 10, 2027. Shule zinafunguliwa mapema zaidi ya hapo. Naomba mtujibu hadharani, kama nilivyowaandikia.

Wenu katika Kristo,
Mlei wa Mombasa